Vikaratasi vya kunata vya milimita 76: vinafaa kwa kikao?

Kwa kikao cha watu 12 cha kukusanya mawazo, kipimo cha milimita 76 kwa 76 kinatosha, ila kwa kalamu rashasha (maka peni, yenye ncha nene) tu. Maandishi ya biro hayasomeki ukiwa hatua tatu kutoka ukutani, na hapo kikundi hurudi kumsikiliza mwenye sauti kubwa.

Udhaifu wake mkubwa ni kujikunja. Wengi huvuta karatasi kutoka chini kwenda juu. Inajipinda, na baada ya muda iko sakafuni. Ibandue kwa kuivuta kutoka ubavuni. Ukuta wenye vumbi au plasta ya kukwaruza haufai kabisa. Hapo tandaza kwanza ukutani karatasi za bango kitita, zile kubwa za kuandikia mbele ya kikundi, kisha ubandike juu yake.

Kila mtu apewe tano, jumla 60: wazo moja kwa kila karatasi, dakika tano za kuandika kimya. Kiongozi abandike wa mwisho, tafadhali sana. Akitangulia, wengine watamfuata.

Pakiti za rangi mchanganyiko hatuzipendekezi. Watu huanza kupanga mawazo kwa rangi badala ya maana. Chukua rangi moja, yenye gundi kali, hata kama bei imezidi kidogo.