Soketi za jikoni zisizovuta macho: aina tatu nilizotumia

Nimetumia aina tatu za soketi zinazouzwa kwa sifa ya kutoonekana jikoni: zinazochomoza kutoka ndani ya kaunta, zinazofungwa chini ya kabati la juu, na zile bapa zisizoonyesha skrubu. Zote ni za 13A (ampea 13), za plagi yetu ya miguu mitatu bapa. Ile ya kuchomoza ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ninayoipa nafasi ya mwisho.

Uzuri wake sibishi. Unabonyeza kofia, mnara unapanda na soketi tatu. Ukiushusha kinabaki kiduara cha chuma tu juu ya graniti. Shida iko chini ya kaunta. Nyingi huja na waya mmoja na plagi moja ya kuchomeka kwenye soketi iliyo ndani ya kabati, kwa hiyo soketi zote tatu zinagawana 13A zilezile, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230. Birika la umeme la wati 2,200 linavuta 9.6A. Washa na kikaangio cha hewa moto cha wati 1,500, hicho ni 6.5A, na tayari umevuka 16A. Fyuzi ya 13A iliyo ndani ya plagi haikatiki papo hapo kwa mzigo huo. Inaubeba kwa muda mrefu, huku plagi ikizidi kupata moto ndani ya kabati ambamo hakuna anayeiona. Ukisikia harufu ya plastiki, au ukiona weusi kwenye mguu wa laivu (ule unaoleta umeme), acha kuitumia siku hiyohiyo.

Halafu kuna nafasi. Niliyotumia inataka tundu la kipenyo cha mm 80 na sentimita 40 tupu chini yake, kwa hiyo droo ya hapo umeipoteza. Graniti itobolewe na wakata graniti wenyewe, kwa kekee ya almasi na maji, kabla kaunta haijafungwa. Soketi yenyewe isisogee sinki kwa umbali unaopungua sm 30. Unga na sukari vikiingia kwenye mpira wa kofia, mnara huanza kukwama. Mahali pake pa haki ni meza ya katikati ya jiko isiyo na ukuta, kwa blenda na chaja, basi.

Ya chini ya kabati la juu ni nzuri ikiwa kabati lina ubao wa mbele unaoshuka sm 4 au 5 kuificha. Isiwe juu ya jiko la gesi, wala juu ya mahali pa birika: mvuke unapanda moja kwa moja kwenye matundu, na ubao wa maranda huvimba. Kasoro nyingine ni nyaya za vifaa kuning'inia mbele ya ukuta, jambo linaloharibu nusu ya faida.

Ninayoirudia kila mara ni ile bapa. Bamba lake ni jembamba, limelala juu ya marumaru, na skrubu zimefichwa na kifuniko kinachobana kwa shinikizo. Lakini ni bidhaa isiyosamehe kazi mbaya. Soketi ya kawaida ya plastiki ina ukingo mnene unaoficha makosa ya fundi, hii haina. Boksi la chuma likipinda mm 2 tu, utaliona kila unapoingia jikoni. Tumia pimamaji kwenye boksi lenyewe, si kwenye bamba wakati wa kumalizia.

Kina cha boksi ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kuwa bamba ni jembamba, mwili wa soketi unaingia ndani zaidi ukutani. Boksi la mm 25 halitoshi. Nunua la mm 35, na la mm 47 kama soketi ina tundu za USB. Kwenye saketi ya ringi (nyaya zinazozunguka soketi zote na kurudi kwenye breka) ya nyaya za 2.5 mm² na breka ya 32A, kila boksi linapokea nyaya sita. Zikikandamizwa kwenye boksi fupi, moja huchomoka kwenye skrubu yake au ganda lake hubanwa na kuchubuka. Waya uliolegea hutoa joto, na hilo ndilo linalounguza soketi nyingi, hata zenye mzigo mdogo.

Kosa jingine ni kufunga boksi sawa na plasta halafu marumaru zije juu yake. Marumaru na gundi huongeza kama mm 12 hadi 15, na skrubu za kawaida hazifiki. Nunua skrubu za M3.5 zenye urefu wa mm 50, ukaze kwa mkono, maana ukizidisha marumaru inapasuka. Bamba likiwa la chuma, waya wa ethi (wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ufungwe kwenye skrubu yake ya ethi bila mjadala, na saketi iwe chini ya RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya 30 mA.

Kinachoificha soketi kuliko bei yake ni mahali ilipo. Zote ziwe kwenye mstari mmoja, sm 15 hadi 20 juu ya kaunta, na kila moja katikati ya marumaru au katikati ya fuga (mfereji kati ya marumaru), si nusu huku nusu kule. Chagua soketi yenye rangi ya marumaru, si rangi ya mabomba ya sinki. Nyeusi isiyong'aa inaonyesha kila punje ya unga. Chuma kilichosuguliwa kinaonyesha vidole vyenye mafuta. Kwa kuta nyeupe, nyeupe ya kawaida inapotea vizuri kuliko zote.

Friji na mashine ya kufulia zipewe soketi isiyo na swichi ndani ya kabati la jirani, na swichi yake juu ya kaunta. Soketi usiiweke nyuma ya kifaa chenyewe, kwani siku ya hitilafu utalazimika kuvuta friji ndipo uchomoe.

Usipunguze idadi ili ukuta ubaki safi. Mimi naweka soketi dabo moja kwa kila mita ya kaunta. Zikipungua, ekstensheni italala juu ya kaunta, karibu na maji.

Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa aangalie zaidi: hewa ya chumvi inatoboa chuma cha kupakwa rangi, bamba linaota vipele na skrubu zinashika kutu. Chukua chuma kisichoshika kutu au plastiki nzuri. Dukani nenda na plagi yako. Ichomeke mara tano. Ikiingia bila ukinzani au ikiyumba, springi za ndani ni dhaifu. Mrudishie muuzaji soketi hiyo.