AIMhi Stay Strong: inaulizia watu wako kwanza, shida baadaye

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii Darwin, kaskazini mwa Australia, na wengi ninaowahudumia ni Waaborijini. Katika programu za afya ya akili nilizowahi kutumia kazini, AIMhi Stay Strong, ya kwenye kishikwambi, ndiyo niliyobaki nayo. Imetengenezwa na taasisi ya utafiti wa afya ya Menzies, hapahapa Darwin, ikatoka mwaka 2013.

Ninachokipenda zaidi ni mpangilio wake. Fomu nyingi za kliniki huanza na dalili: unalala? unalia? umewahi kufikiria kujidhuru? Mtu ambaye familia yake imehojiwa na maofisa kizazi baada ya kizazi, wengine mpaka wakanyang'anywa watoto, hujifunga palepale. Stay Strong inaanza kwa kuuliza ni nani wanaokupa nguvu. Anataja bibi, wajomba, ndugu zake. Kisha kwenye picha ya mti anachagua yanayomshikilia: ardhi ya wazee wake, mila, imani, kuvua samaki, kazi. Ndipo yanafuata yanayompunguzia nguvu, na mwishoni anachagua jambo analotaka kulibadilisha na hatua za kuanzia.

Nimeona watu waliokuwa kimya kabisa wakifunguka kwenye ule ukurasa wa ndugu. Kwao dada za mama nao ni mama, kama mama mkubwa na mama mdogo kwetu, na mazungumzo yakishafika hapo yanajiendesha yenyewe.

Ila si programu ya kumpa mtu aende nayo nyumbani. Imekusudiwa watu wawili wakae na kishikwambi kimoja, na inataka muda. Sehemu moja niliyofanya kazi tulipewa nusu saa kwa kila mtu; ikawa kubonyezabonyeza tu, na iliniuma sana. Tenga saa nzima. Kwa mzee ambaye lugha yake ni Kriol au Yolŋu Matha, mwite mkalimani, maana picha peke yake hazimfikishi mtu mbali.

Kijana anayetaka kutumia mwenyewe, Menzies wana AIMhi-Y, waliyoibuni pamoja na vijana. Na mtu akiwa hatarini, weka kishikwambi pembeni upige 13YARN, simu ya msaada kwa walio kwenye shida kubwa, namba 13 92 76. Ilianza 2022, iko wazi saa 24, na wanaopokea simu ni Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wenyewe.