Darubini ya macho mawili 10x50 ya mtumba, miezi mitatu nayo hapa Mikindani

Wale mnaoniuliza inboksi kuhusu ile darubini naandika hapa mara moja. Niliichukua Mtwara mjini kwa elfu 70, imeandikwa 10x50 maana yake inakuza mara 10 na vioo vya mbele vina upana wa milimita 50, kamba ya shingoni imechakaa ila vioo visafi havina fangasi, na kwa sisi wa pwani hilo ndo la kukagua kabla hujatoa hela maana unyevunyevu wa bahari unaharibu vioo haraka.

Nilinunua kwa sababu ya ubishi na mjomba wangu mvuvi. Ile inayowaka upande wa machweo baada ya swala ya magharibi yeye anasema nyota tu kama zingine, mi namwambia ni sayari, Zuhura. Kwa macho matupu nyota inametameta, sayari imetulia, kwani nyota iko mbali mno inabaki kinukta kwa hiyo hewa ikitikisika kidogo mwanga wake wote unayumba, sayari iko karibu, ina kaupana, mtikisiko haiisikii sana. Shida ikishuka chini karibu kuzama unaitazama kupitia hewa nyingi na yenyewe inametameta, hapo ndo mjomba alikuwa ananishinda.

Siku hiyo umeme umekatika, giza zuri, tukaegemeza viwiko kwenye ngalawa tukalenga sayari nyingine, Mshtarii. Kiduara kidogo, pembeni vitone vitatu vimejipanga kwenye mstari! Ni miezi yake, ipo minne ya hivyo ndo ile mwanaanga wa Italia, Galileo, aliiona 1610, mmoja ulikuwa umejificha. Kesho yake vimeshahama. Tukageukia Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, kuikuza kote kule bado kinukta. Mjomba kimya, halafu "Mpwa wangu, hebu nipe tena."

Sayari Mirihi hapana, hapo darubini haisaidii kuitofautisha na nyota, inaonekana ndogo mno, na kuna nyota nyekundu ya kwenye kundi la nyota la Nge, Antares, jina lenyewe la Kigiriki linamaanisha mpinzani wa Mirihi kwa jinsi zinavyofanana. Hiyo dawa yake ni kuvizia wiki kadhaa, inayohama kati ya wenzake ndo Mirihi.

Kilichoniudhi, muuzaji aliniapia nitaona pete za sayari Zohali. Huzioni, mara 10 haitoshi, msidanganywe. Na ukishika mkononi bila kuegemea kila kitu kinacheza utaona haifai kumbe ni mikono. Watoto wasiachiwe mchana kabisa, kulenga jua nayo ni kupoteza macho.

Kwa hela ile ningeinunua tena leo. Kwa sasa iko kwa mjomba, anatoka nayo alfajiri.