Leukerbad na mama: maji moto kwanza, ski baadaye

Jamani kama uko huku Ulaya na mzazi kaja kukutembelea winta, mpeleke Leukerbad, Uswisi. Sisi tulitoka Bern asubuhi, treni mpaka Visp, nyingine mpaka Leuk, pale unapanda basi linakata kona juu kwa juu kama nusu saa hivi, mama kashika siti ya mbele kwa mikono miwili anasoma dua mpaka tunafika. Kijiji kiko mita 1,411 juu ya usawa wa bahari, majabali yamesimama wima juu yake kama ukuta.

Sasa maji. Yanatoka ardhini yakiwa na joto mpaka nyuzi 51, karibu lita milioni 3.9 kila siku, yaani hapo hakuna kuchemsha, yanapoozwa ndo watu waingie. Mama ni mtu wa Tanga, alijua atakuta harufu ya kiberiti kama kwenye zile chemchemi za Amboni, akanusa, akanusa tena, hamna kitu. Tukaingia bwawa la nje pale Leukerbad Therme theluji inadondoka, chini mpaka shingoni joto raha tupu, juu nywele zinaganda, nagusa nyusi zangu nakuta vibarafu kabisa, na upepo ukisukuma mvuke kidogo unauona mlima ule pale halafu unapotea tena. Magoti yanamsumbua mama miaka mingi, sisemi kapona, ila jioni alishuka ngazi za hoteli bila kushika ukuta. Nilisimama nyuma yake namwangalia tu.

Ski, yaani kuteleza kwenye theluji, ziko mlimani Torrent, unapanda na kebokaa, kile kibanda kinachovutwa na waya hewani. Mie ndo nilikuwa naanza, viatu nilivyokodi duka moja vikanibana mpaka vidole vikafa ganzi, muuzaji aliniambia vitalegea vyenyewe, havikulegea. Ukikodi, vivae utembee navyo humo humo dukani dakika kumi, usione haya. Kesho yake nikaachana na ski tukapanda Gemmi, mapito ya mlimani juu ya kijiji, mita 2,350 hivi, ziwa la Daubensee limeganda jeupe lote, mama alikaa kimya muda mrefu.

Chakula bei imesimama, sisi mchana tulinunua mkate na jibini supamaketi, usiku ndo tukala raklette, jibini ya kuyeyushwa na viazi, inashibisha sana. Kosa letu ni kulala usiku mmoja. Laleni miwili, na majini ingieni asubuhi kabla watu hawajajaa.