Themostati mpya, nyaya mbili za zamani: uzoefu wangu

Kwenye boksi la themostati, kile kidude cha ukutani kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto la nyumba, wameandika kwamba kazi ni nusu saa na bisibisi moja. Mimi ilinichukua Jumamosi mbili, fyuzi moja na siku nzima ya kununiwa na mke wangu. Hata hivyo kidude chenyewe bado kiko ukutani na sina mpango wa kukitoa.

Tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kwenye nyumba ya miaka ya 1950. Hita ya gesi iko basementi, inasukuma hewa ya moto vyumbani kwa njia za bati. Kiyoyozi cha nyumba nzima hatuna, kiangazi tunabandika cha dirishani. Hilo la kiyoyozi likumbuke, ndilo lililoniponza. Ukutani koridoni kulikuwa na themostati ya Honeywell ya duara, ile ya kuzungusha kwa mkono. Umbo lile lilitoka mwaka 1953, kazi ya mbunifu Henry Dreyfuss, na ukiifungua unakuta kichupa chenye tone la zebaki. Tone likiegemea upande huu hita inawaka, likiegemea ule inazima. Haikuwahi kunikosea. Niliibadilisha kwa sababu mimi na mke wangu tunafanya kazi kwa shifti, na kila siku mmoja wetu alikuwa anatoka bila kushusha joto. (Ukiwa nayo ya aina hiyo usiitupe jalalani, sheria ya Minnesota hairuhusu zebaki kwenye taka za kawaida. Yangu niliipeleka kituo cha kaunti kinachopokea taka za sumu.)

Kufunga kwenyewe kulikuwa rahisi mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilizima swichi ya hita, nikapiga picha nyaya kabla ya kuzigusa, nikafungua. Waya mwekundu kwenye tundu lenye herufi R, mweupe kwenye lenye W, basi. Programu ya simu ikaniuliza nina nyaya zipi, nikajaza hizo mbili, ikanijibu kwamba nyumba yangu inafaa. Dakika 25 hewa ya moto inatoka. Hiyo ilikuwa Oktoba. Nikatamba kwenye kundi la familia.

Januari, usiku wa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani kama 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi, niliamka pua imeganda. Skrini nyeusi. Ndani ilikuwa imeshuka mpaka 57 za Farenhaiti, kama 14 za Selsiasi. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa amekaa kitandani kajifunika mablanketi mawili na khanga kichwani.

“Mwanangu, hiki kidude ulikilipia hela?”

“Ndiyo, mama.”

“Wakurudishie.”

Nilichofanya usiku ule nakiandika hapa kwa sababu kinaweza kumsaidia mtu. Nilikishusha kidude ukutani, nikazima hita, nikashikanisha ncha ya waya mwekundu na mweupe, nikaizungushia tepu ya umeme, nikawasha hita tena. Baada ya dakika moja hivi burna zikashika. Maana yake hita ni nzima, mgonjwa ni themostati. Ila ukifanya hivyo ujue hita haitazima yenyewe mpaka uzitenganishe, kwa hiyo usirudi kulala. Mimi nilikaa koridoni na kikombe cha chai huku kidude kikichajiwa kwa chaja ya simu, maana nyuma kina tundu la USB.

Asubuhi nilipiga simu ya huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, lakini kila nilichouliza alinisomea kwamba kifaa kinafaa kwa nyumba za nyaya mbili. Jibu la kweli nilikuja kulielewa mwenyewe. Umeme unaofika kwenye themostati si ule wa soketi wa volti 120. Ni volti 24 tu, kutoka kwenye transfoma ndogo iliyo ndani ya hita. R unaleta umeme, W unaurudisha kama amri ya kuwasha. Themostati katikati ni swichi. Ile ya zebaki haikuwa inakula chochote. Hii mpya ina skrini na Wi-Fi, inakula mchana na usiku. Bila waya wa tatu, unaoitwa C, wa kurudisha umeme kwenye transfoma bila kuwasha hita, inalazimika kudokoa umeme kupitia W wakati hita imepumzika, inaweka akiba kwenye betri yake ndogo. Hita ikiwaka hakuna cha kudokoa. Oktoba hita ilikuwa inapumzika zaidi ya kuwaka, betri ikashiba. Usiku ule wa Januari haikupumzika kabisa. Wenye kiyoyozi cha nyumba nzima wana waya wa Y, wa kuwashia kiyoyozi, ambao kidude kinaweza kudokolea. Sisi tunao wapi? Yaani kimepangwa kufa usiku uleule unaokihitaji, halafu boksi linasema “kinafaa”.

Dawa ilikuwa kuvuta waya mpya. Nilinunua rola ya 18/5, nyuzi tano ndani ya ganda moja, ili hata nikiweka kiyoyozi baadaye nisirudie. Bahati yetu hita iko karibu chini ya ukuta wenyewe, na waya wa zamani haukuwa umepigiliwa mbaoni. Nilifunga ncha ya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, nikaizungushia tepu mpaka ikawa nyembamba kama mkia wa panya, nikaipaka sabuni ya vyombo. Mke wangu juu anasukuma, mimi chini navuta. Futi ya tano ikagoma. Yeye anasema nivute, mimi nasema asukume, na kila mmoja anamsikia mwenzake kupitia sakafu. Mwishowe alirudisha juu kidogo, akazungusha, ikateremka yote kwa mkupuo.

Kosa la fyuzi nalo ni langu. Swichi ya hita yetu iko juu ya ngazi za basementi na inafanana kabisa na ya taa. Nilikuwa nimeizima bila kuiwekea alama. Mama akapita, akanionea huruma kwamba niko gizani, akaiwasha. Ncha za R na C zilikuwa wazi, zinagusana. Hakukuwa na cheche wala mlio, ila bodi ya hita ilikufa. Nilitafuta tatizo saa nzima kabla ya kuona kwenye bodi fyuzi ya zambarau ya ampea 3, aina ileile ya kwenye magari. Nikaenda kuinunua duka la vipuri vya magari. Nikabadilisha, bado kimya. Nikaanza kuhesabu bei ya bodi mpya kichwani. Kumbe mlango wa hita haukuwa umekaa vizuri, na nyuma yake kuna kitufe cha usalama, kisipobanwa hakuna kinachowaka. Nikausukuma kwa goti, tii, ikawaka.

Tangu C iwepo, skrini haijazima hata mara moja. Kulibaki mambo madogo. Kidude kilisoma 64 wakati kipimajoto cha mezani kinasema 68, hita ikawa inawaka kupita kiasi. Nilipokishusha nikasikia upepo wa baridi mkononi ukitoka kwenye tundu nililolipanua kupitisha waya. Nikaliziba kwa puti, wakapatana. Wi-Fi ilikuwa inakatika mpaka nilipokihamishia kwenye mtandao wa 2.4 GHz, ule wa 5 hakiujui.

Kama unataka kununua, fungua kwanza hiyo ya zamani uhesabu nyaya, na uchungulie ndani ya tundu, mara nyingine kuna waya wa ziada umekunjwa nyuma bila kazi. Ukikuta nyaya nene zimefungwa kwa vifuniko vya plastiki vya kusokota, acha hapohapo. Huo ni umeme mkubwa wa hita za ukutani, na vidude hivi vya volti 24 havikuhusu. Rangi pia usiziamini, amini herufi zilizo pale waya unapoishia kwenye bodi ya hita. Na ukisikia harufu ya gesi, toka nje na watu wako, simu utapigia huko.

Nakipa nyota nne. Kupunguza joto tukitoka na kulipandisha kabla hatujarudi kinafanya bila kukumbushwa, na bili imeshuka kiasi cha kuonekana. Nyota ya tano nimewanyima kwa sababu kipande cha kuleta C wanakiuza peke yake, na boksi halisemi kitu.

Halafu kuna hili la kujifunza tabia. Mama alikuwa anaamka saa kumi na mbili kasoro robo, anatawadha, anapita koridoni na kupandisha joto mpaka 75 kabla ya swala ya alfajiri. Baada ya wiki kidude kikawa kinapandisha chenyewe saa hiyohiyo. Mama amesharudi Tanga, ratiba yake imebaki. Kila alfajiri nasikia hita inaguruma chini. Mke wangu anataka niifute, nami nimemwambia tungoje bili ya Februari.