Tathmini ya Congress.gov: Kumbukumbu Zinazoonyesha Jinsi Chama cha Democratic Kilivyotunga Sheria

Kwa sisi wahafidhina tunaoamini kwamba muswada unapaswa kuiva katika kamati na kujadiliwa hadharani kabla ya kupigiwa kura, tovuti ya Congress.gov, inayoendeshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ni huduma yenye thamani kubwa. Ni ya bure, wala huhitaji kujisajili ili usome. Imerithi kazi ya THOMAS, tovuti iliyofunguliwa Januari 1995, mwezi ambao Warepublican walishika tena Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40.

Ubora wake mkubwa ni kwamba huhifadhi historia nzima ya kila muswada. Fungua ukurasa wa H.R. 3590 wa mwaka 2009 (H.R. ni alama ya muswada ulioanzia katika Baraza la Wawakilishi). Katika nakala ya kwanza utakuta nafuu ya kodi kwa wanajeshi wanaonunua nyumba, jambo lililopita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga. Ukiendelea hadi hatua za Seneti, utaona kwamba viongozi wa Democratic waliyafuta maneno hayo yote, wakaingiza mpango wa bima ya afya wa Rais Obama, na tarehe 24 Desemba 2009 wakaupitisha kwa kura 60 dhidi ya 39. Katiba inataka miswada ya kodi ianzie katika Baraza la Wawakilishi. Kwa maoni yangu, sharti hilo lilitimizwa kwa namba ya muswada tu. Januari 2010 Mrepublican Scott Brown aliposhinda kiti cha Seneti cha Massachusetts na kuwanyima Democratic kura ya 60, inayohitajika kufunga mjadala katika Seneti, hawakurudi kutafuta maelewano na upinzani. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nakala ya Seneti kama ilivyokuwa, kwa kura 219 dhidi ya 212, bila Mrepublican hata mmoja, kisha kasoro zake zikarekebishwa kwa muswada wa pili uliopitia utaratibu wa bajeti, ambao hauhitaji kura 60.

Ukurasa wa H.R. 5376 unasimulia mwenendo kama huo: mpango mkubwa wa matumizi uliokwama katika Seneti ulibadilishwa maandishi na jina, ukawa sheria ya Agosti 2022 baada ya Kamala Harris, Makamu wa Rais wa wakati huo, kupiga kura ya kuvunja sare ya 50 kwa 50. Haki itendeke: Warepublican nao walitumia utaratibu huo wa bajeti kwa sheria ya kodi ya mwaka 2017.

Udhaifu wa huduma hii uko mahali panapouma zaidi. Tovuti yenyewe inaeleza kwamba maandishi ya muswada kwa kawaida hufika siku moja au mbili baada ya kuwasilishwa, na kwamba muswada mkubwa sana unaweza kuchelewa zaidi. Maana yake ni kwamba kadiri muswada unavyokuwa mzito, ndivyo mwananchi anavyopata muda mdogo wa kuusoma. Desemba 2022, Democratic wakiwa na wingi katika mabaraza yote mawili, muswada wa matumizi wenye kurasa 4,155 ulitolewa usiku wa kuamkia tarehe 20, na Seneti ikaupigia kura tarehe 22. Maseneta 18 wa Republican waliuunga mkono, nami siwatetei, lakini ratiba ilikuwa mikononi mwa chama kilichotawala. Hakuna mbunge aliyeweza kusoma kurasa hizo zote kwa makini katika muda huo, sembuse mpiga kura.

Muhtasari unaoandikwa na wataalamu wa bunge nao mara nyingi huja umechelewa, hivyo usiutegemee wakati kura inakaribia. Fungua akaunti ili upokee taarifa kwa baruapepe kila muswada unapopiga hatua, na uanze kila mara na sehemu ya hatua zilizochukuliwa kabla ya kusoma maandishi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo utakapoona kama kamati iliwahi kuujadili.