Rungu au tangazo: kipi huua gazeti?

Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliojifunika nyuso walivamia gazeti la Standard jijini Nairobi, wakaizima televisheni yake, KTN, wakaharibu mtambo wa kuchapia na kuteketeza magazeti yaliyokuwa tayari kwenda mitaani. Waziri wa usalama, John Michuki, hakuona haya: ukimchokoza nyoka, alisema, jiandae kuumwa.

Dar es Salaam ya 2017 haikuhitaji barakoa. Gazeti la Mawio liliwahusisha marais wastaafu na sakata la mikataba ya madini. Tangazo la waziri likalifungia miezi 24. Septemba ikawa zamu ya gazeti la MwanaHalisi.

Wengi watasema la Nairobi linatisha zaidi. Kwa macho, ndiyo. Lakini KTN ilirudi hewani siku ile ile, na moshi ule uliwaudhi hata wasiolipenda Standard. Mwandishi aliyefungiwa gazeti hana majivu ya kumwonyesha mpigapicha. Ana kodi ya nyumba tu. Mseto, gazeti jingine la Tanzania lililofungiwa 2016, lilishinda kesi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, 2018. Leseni yake, pamoja na za Mawio na MwanaHalisi, ilirejeshwa Februari 2022.